Bi Mshipa na Damu Inayozunguka

Wasikilizaji wapendwa, hakuna mtangazaji anayeijua damu kunishinda mimi. Jana tu nilijikata kidole nikimenya kitunguu. Waliponizindua, kitunguu kilikuwa kimeshaiva.

Leo tunamkumbuka mwalimu wa sayansi ambaye wanafunzi walimwita Bi Mshipa. Bi Mshipa ametutoka. Tuko hapa na mumewe, fundi seremala, na binti yao muuguzi.

Fundi alioa mke, akaongezewa na darasa. Hata mezani alifungwa utepe mkononi.

"Mume wangu, tazama mishipa inavyovimba! Wataalamu wa kale walidhani ini linapika damu mpya kila siku, mwili unaimaliza yote kama uji. Akaja daktari mmoja, akafunga mkono hivi hivi. Akatambua damu inakwenda na kurudi. Inazunguka!"

"Na chakula changu kitazunguka lini kunifikia?"

Alimsimulia pia habari za wagonjwa waliotiwa damu ya kondoo wakafa, hadi yalipogunduliwa makundi ya damu. "Mimi ni O. O hupokea O tu. Nyingine ni sumu." Shikeni hapo, wasikilizaji: O hupokea O tu. Fundi aliitikia, macho kwenye sufuria. Liliingia sikio hili, likatokea lile.

Kisha uboho ndani ya mifupa ya Bi Mshipa ukachoka kutengeneza damu. Akawa anaishi kwa damu ya watu. Fundi, asiyetishwa na msumeno, alifika mlango wa chumba cha kutolea damu, akaiona sindano, miguu ikamgeuza. Lakini angemwendeaje mkewe mikono mitupu? Akaingia wodini na plasta mkononi, kama aliyetoka kutolewa damu.

"Hiyo inayodondoka ni yangu, mke wangu."

Mgonjwa akautazama mfuko wa damu, akaitazama plasta. Akamshika mkono. "Ndiyo maana nasikia hamu ya kukoroma."

Wiki ile ile akafumba macho.

Pole, fundi. Pole, binti yetu. Nasi tulio wazima tujiulize: hii inayozunguka ndani yetu, ni nani anaisubiri kitandani?

"Mtangazaji," fundi akadakia, "waambie aliondoka na damu yangu."

Binti akamshika bega. "Baba, wewe ni AB. Ingekuwa yako, ingemuua palepale. Mama alijua."

"Alijua?"

"Alinikataza nisikwambie akiwa hai. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Plasta, baba, uliibandika nyuma ya kiwiko, pasipochomwa sindano."