Mtandao Nilioudhania Utani

Mwenyekiti, na ninyi nyote wa umoja wetu hapa Kihonda, nimeombwa nieleze jinsi ofisi yangu ilivyokufa na kufufuka. Wengi mnaijua nusu ya kwanza, maana mlicheka sana. Leo mtacheka tena, ila safari hii kwa ruhusa yangu.

Mnakumbuka miaka ile viwanda vya serikali vilipokuwa vinauzwa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Kiinua mgongo changu nikanunulia kompyuta tatu za mitumba na printa moja, nikapanga vyumba vitatu, nikaanza kuchapa kadi za harusi, barua za maombi ya kazi na vijitabu. Nikaajiri kinamama wawili. Mmoja, tumwite dada mkubwa, alikuwa amechapa tangu enzi za taipureta, na jicho lake lilikuwa halipitwi na kosa.

Sasa sikilizeni ugonjwa wangu. Printa niliiweka chumbani kwangu, mlango nikaufunga. Aliyetaka kutoa hata karatasi moja ilibidi abishe hodi, alete kazi kwenye disketi, asimame na kusema, "Bosi, naomba kuchapisha." Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilipenda sana kuombwa. Kule kiwandani hakuna aliyewahi kuniomba kitu zaidi ya kiberiti.

Kuunganisha kompyuta kwa waya kulishindikana, kwa sababu mwenye nyumba alisema nikitoboa ukuta wake nitoboe na mkataba. Ndipo fundi wangu akaniambia waya si lazima. Huyu fundi ni Mnyamwezi, mimi Mluguru, kwa hiyo tatizo mmeshaliona. Ni mtani wangu. Tulipomzika babu yangu, huyu bwana alilala kaburini akadai jogoo ndipo atoke. Mtu wa namna hiyo anakuja kukuambia kuna kisanduku chenye antena, kinarusha kazi hewani toka chumba hadi chumba, inapita ukutani bila tundu. Wewe ungefanyaje? Nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikamwambia kwao wamezoea kusafirisha vitu hewani, tena kwa ungo. Akacheka naye, akaenda zake. Mwaka mzima kila akilileta lile neno, mimi namjibu utani.

Basi ikaja jubilei ya parokia yetu kule mlimani, juu ya Mlali, nilikobatizwa. Katekista wao akanipa kazi ya kijitabu cha misa. Wiki hiyohiyo nilikuwa na kijitabu kingine cha bwana shamba, kuhusu kilimo cha kabichi. Kinamama wakachapa kila mmoja kwenye mashine yake, wakaniletea disketi, kila kijitabu kikiwa kwenye disketi kadhaa, zote nyeusi, zote hazina maandishi. Dada mkubwa akaomba aingie apitie kurasa kabla hazijatoka. Nikamwambia bosi ana macho mawili, yanatosha.

Siku ya jubilei nilikaa mbele, suti imenyooka. Mama yangu alikuwa benchi la pili. Ikafika sala ya jubilei, sala mpya, hakuna aliyeijua kwa moyo, kwa hiyo kanisa zima likashika vijitabu na kusoma kwa sauti moja: "Utujalie sisi na watoto wetu..." Wakafunua ukurasa. "...kupuliziwa dawa chini ya majani, asubuhi, kabla ya jua kali. Miche yenye madoa ing'olewe na kuchomwa moto."

Mnafikiri walisimama? Waluguru wa mlimani ni watu watiifu. Walisoma mpaka kwenye vipimo vya mbolea. Wazee wakaitikia amina. Padre aliinamisha kichwa altareni, mabega yanamtetemeka, na mimi nikaomba ardhi ipasuke. Nilipogeuka, mama yangu hakunitazama, na hilo ndilo lililoniuma kuliko vicheko vyote.

Baada ya hapo wateja wakakauka. Wapita njia walichungulia dirishani kuuliza kama kuna sala ya nyanya. Wiki ya tatu dada mkubwa akabisha hodi, mkononi ana barua ya kuacha kazi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Bosi, kosa lile ningeliona. Lakini umetufungia mlango wa kuiona kazi yetu wenyewe, halafu huko sokoni tunachekwa sote."

Nikamwomba anipe mpaka Ijumaa.

Alhamisi akaja mtani. Kama mila inavyotaka, alikuja kwenye msiba wangu na shada, ila shada lenyewe lilikuwa kabichi, akaliweka juu ya printa na kunipa pole ya kufiwa. Nikamwagizia soda. Akaikataa. Ndugu zangu, mtani akikataa soda ujue hapo hakuna mchezo. Akasema, "Leo sitanii. Nipe saa mbili tu."

Akafunga kile kisanduku, akachomeka vidude kwenye kompyuta zetu, kisha akaniacha peke yangu na printa. Mara ikanguruma yenyewe na kutema karatasi. Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Niliposogea nikainama kutafuta waya, sikuuona. Karatasi ilikuwa imetoka kwa dada mkubwa, chumba cha tatu, na iliandikwa: "Bosi, sijaomba ruhusa."

Siku hiyo nilicheka peke yangu, na machozi yalinitoka.

Ile barua ya kuacha kazi dada mkubwa hakuitaja tena. Tangu hapo kazi zote zinakaa mahali pamoja, kila mashine inazifungua, na hakuna karatasi inayotoka kabla mtu wa pili hajaipitia. Disketi nilizitupa. Kompyuta moja tukaihamishia barazani, kwa wateja, bila kutoboa ukuta wa mtu.

Nikapanda mlimani kumwomba katekista radhi, nikaahidi kuchapa upya bila malipo. Safari hii alikuja mwenyewe, akakaa barazani na dada mkubwa, wakapitia ukurasa kwa ukurasa kwenye kioo. Kwenye orodha ya makatekista wa kwanza akaweka kidole kwenye kioo. Jina la babu yake halikuwemo. Halikuwemo hata kwenye kijitabu cha kwanza, na kabichi zilikuwa zimetushughulisha wote tusione pengo hilo. Dada mkubwa akaliandika palepale, printa ikanguruma chumbani kwangu, mlango uko wazi. Katekista aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, ikiwa bado ina joto, akaliweka jina la babu yake kifuani.

Namshukuru mama aliyenisamehe, mtani aliyevumilia kejeli zangu, na dada mkubwa, ambaye leo ni mbia wangu. Wenzangu mnaokumbatia funguo za ofisi, wapeni watu wenu nafasi ya kuona kazi. Mimi niliyekuwa nafurahia kuombwa, siku hizi ndiye ninayebisha hodi kwa dada mkubwa kumwomba anipitie kurasa zangu, na mara nyingi ananirudisha nikarekebishe.