Mlango wa Uani

Sogeeni wanangu, na anayelia anyamaze kwanza, maana sauti iliyonibakia ni ndogo na sina nguvu za kushindana naye. Nimechoka. Nyumba ni yenu nyote, msigombanie vyumba; cherehani apewe binti yangu, ndiye pekee anayekumbuka kuitia mafuta.

Limebaki la mlango wa uani. Nimeyaona matofali uliyopanga pale, mwanangu mkubwa, wala usiniambie ni ya banda la kuku. Unataka kuuziba kwa sababu huko kazini mnaambiana kwamba watu wa kabila la seremala, jirani yetu wa nyuma, si wenzetu. Mimi nilihamia mji huu nikiamini hivyo hivyo, tena kukushinda wewe, kwani kwetu watoto tulitishwa kwa jina lao ili tulale. Bomba likawa upande wetu, kivuli upande wao, marehemu mama yenu akachoka kuzunguka barabarani, akamwambia seremala atoboe ukuta, mimi sikuulizwa. Nilinuna wee, hata nikachoka kununa.

Mazoea yana taabu. Kwa mlango ule ilipita chumvi, yakapita makaa na matusi yao, ambayo sasa nayatukana vizuri kuliko ya kwetu. Zilipokuja zile fujo, watu wa kabila letu, wetu kabisa, walimtafuta seremala na marungu, naye yuko chini ya kitanda hiki. Walipokuja wa kwao kunitafuta mimi, nililala chini ya chake, chaga zikinichoma mgongo, seremala gani yule. Jamaa wa kwetu nawapenda, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Tangu siku ile nikiulizwa mimi ni wa wapi, nasema wa nchi hii, na ninajua ninachosema.

Si kwamba wao ni malaika. Shemeji yake seremala ananiibia kuni mpaka leo. Na yeye mwenyewe jana amenipima jeneza kwa macho, akidhani nimesinzia.

Basi nikifa msinitoe kwa mlango wa mbele. Nipitisheni uani, nikatize kwao, ndipo nitoke barabarani. Mkubwa, utashika mbele, mwana wa seremala ashike mbele upande wa pili, mwende hatua moja.

Radhi zangu mnazo, nyote... Mungu awape majirani wa kuwaficha, na awape moyo wa kuficha... Maji? Hapana, acha. Mkubwa... nenda kayaondoe yale matofali sasa. Nataka nisikie.