Kinga za Miguu si Suruali

Mheshimiwa Kamishna wa Forodha, mgeni wetu rasmi. Waheshimiwa wakuu wa idara. Ndugu mawakala wa forodha, ambao leo nawaona mmetulia vitini bila kukimbizana na mihuri. Shemeji yetu, mume wa mstaafu, pamoja na watoto na wajukuu. Mabibi na mabwana:

Mtajiuliza, kocha wa mpira wa magongo ana lipi la kusema tunapomuaga Mkuu wa Kitengo cha Uainishaji wa Bidhaa? Ninalo. Mama huyu, ambaye ninyi mnamwita Mama Kifungu hata mbele yake, kwa kuwa kila bidhaa ana kifungu chake cha ushuru, aliwahi kuninyima haki, kisha akanirudishia kwa mkono uleule.

Timu yangu ni ya wasichana. Kipa wetu tunamwita Ukuta. Yule pale nyuma, anajifanya haoni watu. Siku hizo alikuwa akijifunga vipande vya godoro miguuni kwa kamba. Na mpira wetu, ndugu zangu, ni mgumu kama jiwe. Siku moja ulimpata kwenye muundi, akatolewa uwanjani amebebwa. Mama yake akanijia juu: "Kocha, mwanangu si gogo. Mpaka nione kinga za kweli, hapa hakanyagi!"

Ningembishia? Tulichangishana, wazazi na walimu, hata wapinzani wetu, tukaagiza ng'ambo kinga za miguu, kinga za kifua na helmeti. Mzigo ukafika, ukakwama ghalani. Kitengo kilikuwa kimeamua: vitu hivi vinavaliwa, kwa hiyo ni mavazi, na vilipiwe ushuru wa mavazi, ambao tusingeuweza hata kwa kuuza magongo yenyewe. Na mashindano ya ubingwa yalikuwa yanabisha hodi.

Nilikwenda ofisini kwake nimefura. Akanikaribisha kiti, nikakikataa.

"Kocha, kinachovaliwa mwilini ni vazi," akasema.

"Mama, hata plasta ya mguu uliovunjika inavaliwa. Nayo mnaiita soksi?"

Wakala wangu wa forodha, niliyekwenda naye, akanifinya mkono. Lakini Mama hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta taratibu, akasema, "Umejibu vizuri. Ila jibu tamu si ushahidi. Kata rufaa, halafu niambie mnafanyia wapi mazoezi."

Na alikuja! Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja tope tupu, naye amevaa viatu vya ofisini. Nyuma yake msaidizi wake kakumbatia seti moja iliyotolewa ghalani kama sampuli. Ukuta akavalishwa, mama yake akiwa amesimama kando, mikono kiunoni. Mama Kifungu akaanza kumhoji kama daktari.

"Unaweza kuketi kitini?"

"Siwezi, mama."

"Kupanda ngazi?"

"Labda mnibebe."

Kisha wenzake wakaanza kupiga mashuti. Hapo Mama akaona ambalo maelezo yetu yote hayakuwa yamemwonyesha: Ukuta hakujificha nyuma ya zile kinga, alizichezea. Mpira ulikuja, akaupiga teke kwa kinga, ukaruka pembeni. Ukaja mwingine, akaurudisha katikati ya uwanja.

"Nivalisheni na mimi," Mama akasema.

Waheshimiwa, hamuamini? Msaidizi wake huyo hapo, anaitikia kwa kichwa. Mkuu wa Kitengo, na suti yake, alisimama golini akapaza sauti: "Pigeni, msinihurumie!" Mpira ukaja, paa! Ukagonga kinga, ukaruka. Akautazama mguu wake, mzima, hauna hata mkwaruzo, akaangua kicheko ambacho nadhani shemeji peke yake ndiye aliyekuwa anakijua.

Wakirudi garini, msaidizi akamnong'oneza, "Mkuu, tukitengua uamuzi, tutaonekana tumekosea."

Akajibu bila kushusha sauti, nasi tukasikia, "Tumekosea. Afadhali tuonekane."

Ni wangapi kati yetu, tukishakabidhiwa cheo, muhuri na kiti cha kuzunguka, tunaoweza kulitamka neno hilo mbele ya tuliowakatalia? Uamuzi mpya ulitoka kwa saini yake mwenyewe: kinga za miguu na za kifua ni vifaa vya michezo. Helmeti je? Msipige makofi bado. Helmeti, alisema, zina kifungu chake pamoja na kofia, na kofia ni kofia hata ishuke kutoka mbinguni. Nikabembeleza, nikagonga mwamba, tukazilipia. Ndipo nilipojua kwamba hakutuonea huruma. Alitupa haki yetu, na ilipoishia haki yetu, naye akaishia hapohapo.

Fainali iliamuliwa kwa penalti. Mpigaji wao wa mwisho aliupiga chini kabisa, karibu na nguzo ya goli. Ukuta akatupa mguu, mpira ukalia kwenye kinga, ukatoka nje. Na yule mama aliyesema mwanawe hakanyagi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvamia uwanja, kiatu kimoja mkononi, kingine haijulikani kakiacha wapi! Tukawa mabingwa. Haya, sasa pigeni makofi!

Nina jambo la mwisho, nimetumwa. Shirikisho la mchezo wetu lilikuwa linatafuta mwenyekiti wa kamati ya rufaa. Nikawasimulia kisa hiki. Hakuna aliyependekeza mtu mwingine. Leo asubuhi nikamuuliza Mama kama atakubali. Akanitazama juu ya miwani: "Nitakubali. Lakini timu yako ikikosea, Kocha, nitaanza nayo."

Mheshimiwa Kamishna, ninyi mnampoteza, sisi tumempata, na ole wetu! Mabinti wa timu yangu, simameni, mumpokee mwenyekiti wenu.

Kwa masikio yenu na subira yenu, asanteni sana.