Thirza Haws na Mjumbe Aliyekaa Karibu na Jiko

Wasikilizaji wapendwa, kama una mikono kwenye unga, endelea kukanda. Masikio yanatosha.

Leo tunamkumbuka Thirza Haws wa Alder Fork, aliyetutoka Jumanne asubuhi akiwa na miaka themanini na mitano. Kwa miaka mingi alikuwa rais wa Muungano wa Usaidizi, chama cha kina mama wa kanisa letu, katika kata yake. Tena alikuwa mmoja wa wanawake waliopigania kura hapa Utah mpaka ikapatikana. Narudia kwa aliyefungulia redio sasa hivi: Thirza Haws, wa Alder Fork, amefariki.

Alizaliwa Lancashire, Uingereza. Akiwa msichana alivuka nyika kwa miguu pamoja na wazazi wake, wakisukuma mkokoteni. Msitegemee nisimulie mateso ya njiani, maana yeye mwenyewe hakuyasimulia. Wajukuu wakimbana sana alisema, "Tulitembea, tukafika, nikafua nguo."

Aliolewa na Orrin Haws. Baadaye, kama kanisa letu lilivyoruhusu siku zile, Orrin akaoa mke wa pili, Keturah. Wanawake hao waliishi nyumba moja, na watoto wa Thirza walimwita Keturah mama mdogo. Je, walipendana? Nilimuuliza mjukuu wao, Vilate, akacheka.

"Waligombana kila siku kuhusu chumvi," aliniambia. "Lakini babu alipofungwa kwa kuwa na wake wawili, walilima shamba pamoja. Alipotoka akaanza kukosoa mifereji waliyochimba, wakamnunia pamoja."

Sasa nije kwenye kura. Wanawake wa Utah tulipewa kura mwaka 1870. Mwaka 1887 serikali kuu ya Washington ikatunyang'anya, kwa ajili ya hizo hizo ndoa za wake wengi. Huko mashariki walisema mwanamke mwenye mke mwenza hana akili yake, anapiga kura anayoambiwa na mume. Narudia: tulikuwa nayo, tukanyang'anywa. Thirza aliumia, na hakuficha.

Mwaka 1895 nafasi ikarudi. Wanaume walikaa mjini Salt Lake kuandika katiba ili Utah iwe jimbo kamili. Kura ya wanawake ikiingia humo, imerudi. Ikiachwa nje, hakuna aliyejua ingerudi lini. Mjumbe kutoka Alder Fork alikuwa Alvah Tuttle, mwenye duka, mtu mwema lakini mwepesi wa kuyumba. Alikuwa ameahidi kusema ndiyo. Majira ya kuchipua zikaja habari kwamba amelegea. Aliporudi nyumbani Jumamosi, Thirza akamwalika kwenye ukumbi wa kina mama aje ajieleze.

Ukumbi huo ulijengwa kwa mayai. Kila yai lililotagwa Jumapili lilipelekwa kwa Muungano, likauzwa, yakanunuliwa matofali. Kuna waume waliosema kuku wao wanashika Sabato. Thirza alikwenda kwenye mabanda yao Jumatatu, kuangalia kama kuku hao wanataga maradufu.

Siku hiyo kina mama walikuwa wakishona blanketi la viraka. Mnajua fremu ile ya mbao nne ndefu, inawekwa juu ya migongo ya viti na kujaza chumba kutoka ukuta hadi ukuta. Sindano zikishaanza, fremu haiinuliwi mpaka upande ule umalizike. Ndiyo maana wanaume wa Alder Fork hawakuthubutu kuingia siku ya kushona. Alvah alikuwa amekaa Salt Lake wiki nyingi, nadhani alisahau. Alikubali kiti cha heshima, mwisho kabisa wa chumba, karibu na jiko la kuni. Kina mama wakateremsha fremu mbele yake, wakaketi.

"Kaka Alvah," Thirza alianza, macho kwenye sindano, "tunasikia unasitasita."

"Sisiti, Dada Thirza. Nasema tungoje tu. Katiba ipite kwanza. Kura ya kina mama tuiweke pembeni, wanaume waiamue siku nyingine."

"Kama kifurushi kilichosahauliwa stesheni. Na kura yako wewe, nayo mmeiweka pembeni?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

Alvah akajifuta jasho. "Washington wakiikataa katiba, tutakosa vyote."

Keturah akaongeza kuni.

"Dada Keturah, moto unatosha."

"Sisi huku mlangoni tunasikia baridi, kaka. Vumilia."

Mama mzazi wa Alvah, Dada Philena, naye alikuwa akishona. "Alvah," alisema, "nilipiga kura wewe ukiwa bado unavaa kaptula. Niliharibu nini?"

"Hukuharibu kitu, mama."

"Basi mbona unataka mwanamume asiyenijua akaamue kama ninafaa?"

Alvah alichungulia chini ya fremu. Njia ya kutokea ilikuwa ya kutambaa katikati ya sketi za kina mama wa kata nzima. Akabaki kitini.

Thirza akaweka sindano chini. Vilate alisimuliwa maneno haya na bibi zake wote wawili, na mara hiyo moja hawakupingana.

"Hatujakufunga, kaka. Ukisema tuinue, tutainua. Unaogopa kukosa, nakuelewa. Mimi nimeshakosa. Nilimpeleka mwanangu kupiga kura yake ya kwanza. Yeye akaingia, mimi nikabaki nje nimeshika farasi. Na niliwahi kuingia mlango ule ule. Nakuomba usiniache pale nje."

Alvah akafungua kifungo cha shati shingoni.

"Nikirudi nitasema ndiyo," alisema. "Sasa fungueni dirisha."

Na alisema ndiyo. Sidai kwamba kura ya Alvah peke yake ndiyo iliyotuokoa. Wengi walisema ndiyo. Lakini Alder Fork ilikuwa na hiyo moja tu, na Thirza hakuiacha ipotee. Mwaka 1896 Utah ikawa jimbo, na kura yetu ndani yake.

Uchaguzi ulipofika, Thirza na Keturah walipanda gari moja la farasi. Thirza alikuwa Republican. Keturah alikuwa, na bado ni, Democrat. Orrin akawaambia, "Mnafutiana kura. Bakini nyumbani farasi apumzike."

"Tumekaa nyumbani vya kutosha," Thirza akamjibu. "Leo achoke."

Tangu hapo walikwenda pamoja kila uchaguzi, wakibishana njia nzima, hata baada ya Orrin kufa.

Kwa watoto, wajukuu na vitukuu wa Thirza Haws, na kwa kata yote ya Alder Fork, tunawapa pole, na tunamshukuru Mungu kwa maisha yake marefu. Kina mama wenzangu, mwezi ujao ni uchaguzi. Ukiingia kituoni, fikiri kidogo kuhusu aliyebaki nje ameshika farasi. Halafu piga kura yako, si ya mtu mwingine.

Pole ya mwisho ni ya Mama Keturah. Juzi nilimkuta jikoni peke yake, nikamuuliza kama atakwenda kupiga kura.

"Nitakwenda," alisema. "Miaka yote hii nimemwomba Mungu kura yangu ihesabiwe bila Thirza kuifuta. Sasa itahesabiwa. Siitaki hivyo."