Waliosamehe Daraja

Bakuli la kava, kile kinywaji cha mizizi, lilikuwa limeshazunguka mara nne kwenye benchi la dukani Nabukora, na Inoke alikuwa bado amekunja uso. Mkewe Akanisi, mjamzito wa miezi minane, alikuwa ng'ambo ya mto, sokoni, na wanawake wenzake, ambao wamekuwa wakivuka kwa chelezo cha mianzi tangu mafuriko yaliposomba daraja miaka mitatu iliyopita. Mbunge aliahidi jipya, akapotea. Mwezi jana akaja na jino la nyangumi, akapiga magoti mbele ya wanaume, akaomba radhi. Wakalipokea kwa makofi. Kwa mila, jino likishapokewa, neno limezikwa, na anayelifukua anawavunjia heshima wazee wake. Mheshimiwa alilijua hilo vizuri kuliko wote.

— Subira huvuta heri, alisema Penaia, waliyemwita Bunge kwa sababu aliwahi kuishi Suva, mji mkuu. Daraja ni heri kubwa, kwa hiyo subira yake lazima iwe ndefu.

— Miaka mitatu, Bunge?

— Haraka haraka haina baraka.

Vatiliai, maarufu kama Redio, akasema daraja lao limeshajengwa, ila kwa makosa, kwenye kisiwa kisicho na mto. Wakacheka. Bunge hakukubali kuzidiwa. Akadai serikali inapima namna ya kuuhamisha mto, na mto ukihama, daraja la nini?

— Mnacheka, na mke wangu anavuka maji na tumbo lile, alisema Inoke.

— Inatuuma sote, kaka, akajibu Redio. Lakini tulipiga makofi. Tumeshasamehe.

Hapo akatokea Mereoni, muuguzi mpya wa zahanati, na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa akikusanya saini za kudai daraja. Vijiji vitatu vya jirani vilishasaini, na Jumatatu zingepelekwa Suva. Bunge akamweleza habari ya jino polepole, kama anayemfundisha mtoto mila, ilhali binti huyo alizaliwa ndani ya mila hizohizo.

— Nimekuelewa, baba, alisema. Ila nyinyi mliomsamehe, nani kati yenu amevuka mto wiki hii?

Mashamba ya wanaume yako upande huu. Mihogo ya kuuza hubebwa na wanawake. Inoke alijaribu kukumbuka lini alipanda chelezo mara ya mwisho, akashindwa, na aibu ikamchoma kwa sababu siku ile na yeye alipiga makofi, tena kwa nguvu.

— Nipe kalamu, dada.

— Utatuaibisha, Inoke, alisema Bunge.

— Tumeshaaibika, mzee. Tulisamehe machungu ya wenzetu, hata hatukuwauliza.

Akasaini. Akaisukuma karatasi hadi magotini kwa Bunge, akaweka kalamu juu yake. Kisha akashuka mtoni, avuke mwenyewe akaubebe mzigo wa mkewe.