Zadock Amugune na Vyura wa Maabara

Tarehe 30 Juni 1978, Mzee Zadock Amugune anavua koti jeupe la maabara yetu ya hapa Parklands baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi. Ninyi mlioajiriwa juzi mnamjua kama fundi wa hadubini. Sisi wakongwe tunamjua kama baba wa vyura, na enzi zile, kusema kweli, ninazitamani.

Siku hizo kipimo cha mimba kilikuwa chura. Mimba ikitunga, kondo la nyuma, lingali changa, hutoa homoni yake kama tezi nyingine yoyote, nayo hupitia kwenye damu hadi kwenye mkojo. Zadock alimdunga chura dume mkojo huo chini ya ngozi, akaenda kunywa chai. Aliporudi, kama homoni ilikuwepo, tezi za chura zilikuwa zimeamka na mbegu zake zikionekana chini ya hadubini, zikiogelea kwenye mkojo wake. Mama alipata jibu kabla ya chakula cha mchana.

Vyura wenyewe aliwatafuta Lavington, kwenye vidimbwi vya maua vya matajiri. Mwaka 1962 bawabu mmoja alimkamata na gunia, akampeleka polisi kama mwizi wa kuku. Gunia likaanza kukoroma kituoni, askari wakatoka mbio. Zadock aliachiliwa akalisahau huko, na kesho yake akaitwa alichukue upesi sana.

Sheria ya kwanza ya maabara ilikuwa yake mwenyewe: madume beseni lao, majike lao. Dume aliyekaa na majike humwaga mbegu bila homoni ya mtu yeyote. Lakini mvua ya Aprili 1965 ilipovujia chumba cha vyura, huruma ilimzidi, akawakusanya wote kwenye pipa moja. Akawatenganisha baadaye, akaendelea kupima. Wiki hiyo kila mama aliambiwa ana mimba, nasi tukashangilia.

Mmoja wao alikuwa Wamucii, fundi cherehani wa Riruta, aliyekuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Zadock alipong'amua kosa, alirudia vipimo kwa madume wapya. Wengi walikuwa na mimba kweli. Wamucii hakuwa nayo, na mama mkwe wake alikuwa ameshanunua mbuzi wa sherehe. Mkubwa wetu alitaka kumtuma tarishi. Zadock alikataa, akatembea hadi Riruta, akaketi jikoni kwa Wamucii na kumwambia kosa ni lake. Walilia wote wawili. Mimi nilimkasirikia Zadock hata salamu nikamnyima.

Tangu hapo hakuna jibu lililotoka bila chura wa pili, na heshima ya maabara hii imejengwa hapo. Vipimo vipya vya matone ya dawa kwenye kioo, visivyohitaji chura, vilipofika mwaka 1971, tuliwaachilia vyura mtoni. Zadock alikuwa wa mwisho kuondoka ukingoni.

Wamucii hakujaliwa mtoto. Wiki iliyopita nilienda kumwalika kwenye hafla ya kumuaga Mzee, nikamuuliza kama bado ana uchungu naye.

"Uchungu ya nini?" akasema. "Hiyo wiki moja mimi nilikuwa mama. Hakuna mtu mwingine alinipatia hata hiyo. Nitakuja."

Mzee Zadock, ahsante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na mahindi mengi huko Vihiga. Siku ya kukuaga, kiti cha kando yako tumemwekea Wamucii.