Mtamba kwa Tiara ya Wanaoanza

Kijiwe cha Magwagwa kina benchi moja, chupa moja ya kahawa na wataalamu watatu wa kila kitu. Benchi limeegemea ukuta wa duka la mbegu, kahawa ni ya Phanice ambaye wote humwita Mama Sharon, na wataalamu hawajawahi kukosa jibu tangu benchi lipigiliwe misumari. Wa kwanza ni mzee Machogu, aitwaye Mizani, kwa kuwa alipima majani ya chai upande wa Itumbe miaka ishirini na mitano na hadi leo hukadiria uzito wa kila anayepita njia. Wa pili ni Osoro, Msabato wa kweli kweli. Kahawa haigusi mdomo wake, basi hununua maji moto kwa bei ya kahawa ili asipoteze kiti, na jina lake likawa Maji Moto. Wa tatu ni Owino, mwendeshaji bodaboda anayeitwa Breki kwa sababu pikipiki yake ina moja tu. Jumapili hiyo asubuhi, Wakatoliki wakiwa bado misa, wote watatu walikuwa wanalikodolea macho begi refu la bluu lililolala miguuni pa Mose, kijana wa hapo kijijini, na Mose hakuwa na hamu ya kukodolewa chochote.

Ndani ya begi mlikuwa na tiara kubwa ya kumvuta mtu majini, ubao wa kusimamia, na vikorokoro vingine vya mchezo ambao Mose aliujua kwa kuuona kwenye simu. Begi alikuwa ameachiwa kwa siku tatu na Manasseh, mchuuzi wa maneno matamu kutoka Kisii mjini. Hoteli moja kando ya ziwa, Manasseh alisema, inatafuta vijana wa kufundisha wageni mchezo huo, na atakayefika na vifaa vyake ndiye atakayeshika kazi. Hakutaka pesa. Alitaka mtamba wa Mose, yule mwenye mimba ya miezi mitano, ambaye Mose alimkatia majani kila asubuhi tangu akiwa ndama. Saa nne angekuja kuchukua kimoja, mtamba ama begi. Saa tatu ilikuwa imeshapita. Mokeira, mkewe, hakugomba. Alisema tu, "Ukimtoa, uje uniambie mtoto atakunywa nini," akaendelea kufagia. Mose angefurahi zaidi kama angegomba.

— Soma tena hiyo karatasi iliyokuja na begi, Mizani alisema.

— "Vifaa maalum kwa wanaoanza tu," Mose alisoma.

— Bono, sasa, toa kimoja kimoja. Tukague.

Mose akatoa ubao mpana. Akatoa mkanda wa kiunoni wenye ndoano mbele, akatoa helmeti. Mwisho akatoa chupa ya maji, nayo ilikuwa imeandikwa ni ya wanaoanza.

— Chupa ya maji ya wanaoanza, Mizani alisema polepole. Kwani kuna watu bado hawajajua kunywa?

— Omogaka, mzee wangu, usicheke watu, Maji Moto alisema. Wewe kahawa unamwagia shati kila siku.

— Hii yote ni biashara! Mtu anaandika "wanaoanza" juu ya kitu cha kawaida, bei inaruka. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

— Ndiyo sasa, Breki alidakia. Mose si mkulima wa maji. Kwa hivyo lazima achague.

Mizani alifikiria hilo, akaona limekaa vizuri, akapiga funda la kahawa kama kwamba ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

— Lakini buda, Breki aliendelea, mimi nilijifunza pikipiki na pikipiki ya mtu na ukuta wa mtu. Hakukuwa na pikipiki ya wanaoanza.

— Na ukuta?

— Ukuta ndio ulikuwa wa wanaoanza. Ulianguka mara moja tu.

Mama Sharon alicheka hadi akamwaga kahawa kidogo. Mose hakucheka. Alitaka mtu mmoja, mmoja tu, amwambie ndiyo au la.

— Si lazima iwe uwongo, Mose alijaribu. Manasseh anasema ubao mpana unabeba mtu asiyejua. Tiara yenyewe imepunguzwa hasira. Na hapa kwa mkanda kuna kamba nyekundu, ukizidiwa unaivuta, tiara inakuachilia.

— Hiyo kamba ningeipata kwa ndoa yangu ya kwanza, Breki alisema.

— Maandiko hayana habari ya vifaa, Maji Moto alisema. Petro alitembea juu ya maji bila ubao.

— Akazama, Mizani alisema.

— Alizama kwa kukosa imani!

— Alizama kwa kukosa ubao mpana. Na hakuwa na helmeti. Mvuvi mzima, mtu wa maji miaka na miaka, lakini kwa kutembea juu yake alikuwa anaanza.

Maji Moto alifungua mdomo, akaujaza maji moto. Jumapili ile hakuwa tayari kwa jambo hilo.

— Ya nini kubishana, Breki alisema, na tulishaipima? Ijumaa mlisahau?

Mose aliombea Ijumaa isitajwe, na sasa ilikuwa imetajwa. Fikra ilikuwa ya Mizani. Magwagwa haina ziwa, alisema, lakini chai iliyochumwa vizuri hulingana juu kuliko maji yoyote, na upepo wa kilima cha Manga haujawahi kukosa kazi. Basi wakapanda Manga, begi likiwa limelazwa juu ya pikipiki na wao wanne wakisukumana nyuma yake mlima mzima, hadi shambani kwa Bochaberi, shemeji yake Mizani, ambaye hakuombwa ruhusa. Wakaulaza ubao juu ya chai, Mose akasimama juu yake, wakaiachia tiara. Mose alikwenda. Alikwenda mita kumi nzima juu ya yale majani mawili na chipukizi ambayo wachumaji huyachuma, amesimama wima, na kusema kweli moyo wake ulifurahi kwa namna ambayo haukuwa umefurahi tangu arusi yake. Kisha akakutana na mti wa uzio. Bochaberi akatoka na jembe, na kilichofuata ni mbio za watu wazima wanne na tiara moja. Ubao ukabaki na doa pana la kijani la utomvu wa chai, ambalo sabuni ililiongezea tu mng'ao.

— Mita kumi! Breki alisema. Hiyo inaonyesha ubao ni poa.

— Inaonyesha chai ni nzuri, Mizani alisema. Hiyo chai naijua.

— Inaonyesha mti uko mahali pake, Maji Moto alisema.

— Sikizeni, nawaambia kitu, Mizani alisema, akisogea mbele ya benchi. Hivi vifaa ni kama ile mahindi ya kisasa. Unapanda, unavuna, lakini mbegu yake ukirudisha shambani haioti. Kila mwaka unarudi dukani. Hivi pia vimetengenezwa ubaki unaanza. Mwaka huu unaanza, mwaka ujao unaanza, unazeeka ukianza.

— Ni kubaya kuliko hiyo, Breki alisema kwa sauti ya chini. Kwa nini walituachia siku tatu? Hiyo tiara iko na kijidude ndani. Tumeibeba Manga sisi wenyewe, ikapima upepo wetu wote. Sasa wanajua. Mwaka kesho utasikia upepo wa Manga umepata mwenyewe, na kuanika mahindi ni kwa kibali.

— Tiga, acha hiyo! Maji Moto alisema. Lakini imeandikwa kwamba siku za mwisho watu watainuliwa hewani.

— Na ubao?

— Ubao sijaona mahali imeandikwa.

Hapo ndipo mama mmoja alipoteremsha gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya benchi, akaomba kahawa. Alikuwa Nereah, wa upande wa ziwa, ambaye huja Magwagwa mara moja moja kuuza omena na kurudi na ndizi. Alilitazama begi, kisha ubao wenye doa. Alikunywa kahawa yake.

Saa nne kamili Manasseh akafika. Viatu vilimeta, shati lilikuwa limenyooshwa, na mkononi alishika kamba ya ng'ombe, mpya.

— Wazee wangu! Mabrathe! Manasseh alisalimu benchi zima. Mose, uko tayari kwa maisha mapya?

Kisha akaona doa.

— Umeitumia.

— Kidogo tu, Mose alisema. Kwa chai.

Manasseh hakukasirika, na hapo ndipo Mose alipopaswa kuogopa. Badala yake alitabasamu, akampa mkono.

— Hongera! Basi wewe si mtu wa kuanza tena, umeshaanza. Hivi ni vya wanaoanza tu, hata karatasi imesema. Wewe sasa unahitaji vya daraja la pili. Nitakuletea. Tuchukue tu mtamba kwanza, hayo mengine tutaelewana.

— Hiyo iko na maana, Mizani alisema.

— Iko na maana kabisa, Breki alisema. Mtu aliyeanza hawezi kuwa anaanza.

— Hata kanisani kuna madarasa, Maji Moto alisema.

Hao ndio walikuwa wametumia asubuhi nzima kuthibitisha kwamba vitu hivyo ni ulaghai, upimaji wa upepo na ishara ya siku za mwisho. Dakika moja ya kiatu kinachometa, na wote watatu wakawa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Mose mwenyewe alijikuta ameinuka kwenda nyumbani kumfungua mtamba, kwa sababu watu wanne wakikubaliana, mtu wa tano huona haya kukataa.

— Samahani ndugu zangu, Nereah alisema. Mimi nauliza tu. Upepo ukimpeleka huyu kijana kule katikati ya ziwa, anarudi aje?

Mizani alimgeukia Maji Moto.

Maji Moto alikunywa maji, na yalikuwa yameshapoa. Breki alipoona wote wanamgeukia, akainua mikono.

— Msiniangalie mimi. Kwetu ni upande wa miwa. Ziwa nimeliona kwa kalenda.

— Wewe mama unajua huu mchezo? Mose aliuliza.

— Yawa, jamani, mimi nauza omena. Naonanga tu. Asubuhi wanaondoka wamesimama, wazuri kabisa. Mchana wale wa kuanza wanarudi na miguu, ubao kwa kichwa, wakiuliza watu njia ya hoteli. Ubao mpana unawasaidia, siwezi danganya, na ile helmeti pia. Lakini ni za mwalimu. Anawaazima, na anawafuata na boti. Sijaona hata mmoja amekuja na zake. Ndiyo nauliza, huyu nani anamfuata?

Wote wakamtazama Manasseh. Manasseh alikohoa mara moja tu, na tabasamu likarudi mahali pake.

— Swali zuri sana, mama. Kipo kifaa cha kurudi. Hicho kinauzwa kando.

— Nitakilipia na nini? Mose aliuliza. Kwa kitu gani? Mimi nina mtamba mmoja.

Manasseh alijifuta vumbi begani, vumbi ambalo halikuwapo.

— Si ana mimba?

Mose aliona aibu, aibu ya moto iliyompanda hadi masikioni. Hakumkasirikia Manasseh sana. Yule alikuwa kazini. Alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu siku tatu alizunguka na begi akiuliza kama ubao ni mzuri, kama tiara ni nzuri, kama kamba nyekundu ni ya kweli, na hata siku moja hakuuliza atarudije. Akachukua helmeti akairudisha begini. Akarudisha chupa, mkanda na ubao. Akafunga zipu, akaliinua begi, akamtwika Manasseh begani juu ya shati lake lililonyooshwa.

— Sasa ubao huu una doa, Manasseh alisema. Nitamuuzia nani?

— Mwambie ni wa daraja la pili.

Mama Sharon alipiga makofi. Nereah alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akainua gunia.

— Ukitaka kujifunza kweli, alimwambia Mose, njoo ufuoni kwetu uulize Ombok. Ni mtoto wa ndugu yangu, anawabebea vitu pale. Na uje mikono mitupu.

Mose alimshukuru, na alimaanisha. Akashika njia ya nyumbani haraka haraka, maana tangu asubuhi mtamba alikuwa hajakatiwa hata jani moja. Alikuwa hajafika kwenye kona aliposikia sauti ya Mizani nyuma yake, ile sauti yake ya mtu anayekaribia kugundua jambo kubwa.

— Kijana wa begi, mimi nina swali moja tu. Hicho kifaa cha kurudi, kipo cha wanaoanza?

Mose akasikia begi likitua chini, na benchi likilia kwa mtu wa nne aliyeketi.

— Mzee wangu, Manasseh alisema, hapo umenena. Wewe una ng'ombe?